Fundi wa Mabibo: "Nakata nguo kumi, namaliza moja"

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni fundi nguo, nina miaka 33 na fremu yangu iko Mabibo. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Walimu walilalamika mpaka tukampeleka Muhimbili, tukaambiwa ana ADHD, ile hali ya akili kutotulia, utukutu na papara. Daktari alipokuwa ananiuliza maswali ya mtoto, nilikuwa najijibu mimi moyoni. Nakata nguo kumi, namaliza moja. Wateja wananiita muongo, wengine wameshanidai hela zao mbele za watu. Hasira zangu ziko karibu. Nikishafoka nasahau, ila mume wangu hasahau. Hela ya kikoba niliwahi kuinunulia vitambaa ambavyo mpaka leo viko kwenye mfuko. Mama mkwe anasema ni uvivu, dada mmoja wa kanisani anasema niombewe. Siku moja nilimeza kidonge cha mwanangu, nikashona tangu asubuhi mpaka jioni bila kunyanyuka. Je, na mimi ninayo? Na naweza kujitawala bila dawa?

Fundi, Mabibo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nikuambie mapema kwamba mimi ni mwanasaikolojia tiba, si daktari wa kuandika dawa. Tukifika kwenye vidonge nitakueleza ninachokijua, halafu nitakurudisha kwa mwenye kalamu.

Na nianze na vidonge hivyohivyo, maana hapo ndipo uliponishtua. Ulichomeza hakikuwa kipimo. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake kule Marekani waliwapa wavulana wasio na tatizo lolote dawa ya jamii hiyo ya kuchangamsha ubongo. Nao walitulia, nao umakini wao ukaongezeka. Kwa hiyo ile siku yako ya kushona bila kunyanyuka haisemi kama una ADHD au huna. Inachosema ni kwamba umemeza dozi aliyopangiwa mtoto wa miaka 8, na presha yako hakuna aliyeipima. Dawa hizi hupandisha mapigo ya moyo na presha. Kwa mwenye tatizo la moyo ambaye hajijui, hilo si jambo dogo. Tena vidonge vyake vina hesabu. Ukigawana naye vitamwishia kabla ya tarehe ya kliniki, na mwalimu wake ataona tofauti kabla yako. Vifungie kabatini. Siku ya kliniki mwambie daktari ukweli, hatakuitia polisi.

Sasa, je, na wewe unayo? Kwa barua siwezi kusema, ila swali lako lina mashiko. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba asilimia 74 hivi ya tofauti baina ya watu katika hali hii inatokana na kurithi. Watu wazima wengi wanajigundua kama wewe, wamekaa kwenye kiti cha mzazi, wanaulizwa habari za mtoto. Kwa wanawake ndiyo zaidi. Mvulana anayepanda madawati atapelekwa hospitali kwa sababu anasumbua darasa zima. Msichana anayetazama dirishani huku mwalimu akifundisha hasumbui mtu. Anaandikiwa tu kwenye ripoti: "Ana uwezo, aongeze bidii."

Zitafute ripoti hizo kama mama yako bado anazo kwenye sanduku. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, unaotumika sana hata nje ya nchi yao, unataka mtu mzima awe na angalau dalili tano za akili kutotulia, au tano za utukutu na papara. Dalili kadhaa ziwe zilikuwepo kabla hajafikisha miaka 12. Zionekane sehemu zaidi ya moja, si kwenye fremu tu, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Ndiyo maana shangazi aliyekulea anaweza kuwa na msaada kuliko kipimo chochote cha mashine. Damu utapimwa pia, lakini ni kwa ajili ya kuondoa mengine. Mwanamke anayepoteza damu nyingi kila mwezi anaweza kuchoka na kupotewa na umakini, akadhani ni kichwa kumbe ni upungufu wa damu. Tezi ya shingo nayo inaweza, sonona inaweza, kukosa usingizi kunaweza. Anzia Hospitali ya Mwananyamala, ulizia kliniki ya afya ya akili, au siku unayompeleka kijana Muhimbili omba na wewe upangiwe siku.

Kuhusu mama mkwe, kuwa mpole naye, ila usimwamini. Mvivu hakosi usingizi kwa ajili ya kazi ambayo hajaifanya. Wala hili si jambo lililoletwa na simu. Mwaka 1902, reli ya kati hata haijaanza kujengwa hapa Dar es Salaam, daktari George Still alishasimama London mbele ya wenzake akaeleza habari za watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia. Na kuombewa, ombewa mwanangu, mimi mwenyewe ni mtu wa sala. Nenda na kliniki pia.

Yote nitakayosema kuanzia hapa utayatumia hata ukiambiwa huna ADHD, kwa hiyo usingoje majibu.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Wewe nia unayo, tena tele. Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza hali hii kwa miongo kadhaa, amekuwa akisisitiza kwamba watu wa ADHD hawana upungufu wa kujua la kufanya. Wanalijua, ila halifanyiki pale na wakati ule linapotakiwa. Unajua vizuri kwamba gauni la Ijumaa linatakiwa kuwekwa zipu Jumanne. Jumanne inafika, na Ijumaa kwako bado iko mbali kama Ulaya. Kisha anaingia mteja na kitenge kipya, umeshakitandika mezani, chaki mkononi. Ukistuka ni Alhamisi usiku.

Hapo kuna mambo mawili yanakutana. Moja ni breki: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotakiwa kusema "ngoja kwanza", inachelewa kusema. La pili ni utamu. Kazi mpya inaamsha ubongo, na kemikali iitwayo dopamini inahusika sana hapo. Kazi ya marudio haiamshi kitu. Kukata kuna utamu, kwa sababu kitambaa kinageuka umbo mbele ya macho yako. Pindo na vifungo havina utamu wowote. Hela ya kumaliza nayo iko mbali, na thamani ya kitu kilicho mbali inaporomoka kwako haraka kuliko kwa jirani yako. Ndiyo maana ushauri wa "jitahidi" na "jipange" haukusaidii. Unakuagiza utumie breki ileile iliyolegea.

Kwa hiyo mimi kujitawala sikutafutii kichwani. Nakutafutia ukutani, mezani na kwenye mkasi.

Funga kamba ukutani, mbele ya cherehani, ining'inize hanga tano. Tano tu, zile nyingine zipeleke nyumbani. Kila nguo iliyokatwa lazima ikae kwenye hanga. Hanga zikijaa, mkasi mkubwa unahamia kwa binti unayemfundisha kazi. Kama huna, mpe jirani wa fremu ya pili. Nguo isiyo na hanga haikatwi, hata mteja awe shemeji. Mteja wa kitenge kipya mwambie, "Mama, nakukatia Jumatano hanga ikiachia," na umwonyeshe kamba. Utashangaa. Watu wanaheshimu foleni wanayoiona kuliko ahadi wanayoisikia.

Najua una daftari la oda. Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa, lakini daftari lililofungwa ndani ya droo kwako ni kaburi. Kisichoonekana kinakuwa hakipo. Andika jina la mteja, siku na kilichobaki kwenye kipande cha karatasi, ukibane kwa pini kwenye nguo yenyewe. "Zipu, pindo, pasi." Ukimaliza zipu, ikate kwa chaki. Daftari libaki la hela tu.

Halafu muda. Kiuno cha mteja unakipima kwa futikamba, lakini muda unaukadiria kwa jicho. Wiki hii moja, nyuma ya kile kikaratasi, andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza kila nguo, na usijihukumu. Gauni ulilozoea kusema "saa mbili tu" huenda litasoma tano, ukihesabu na kufumua mkono uliowekwa nyuma mbele. Kuanzia hapo ahidi kwa namba za kikaratasi, usiahidi kwa moyo wako, maana moyo wako unapenda kumfurahisha mteja aliyesimama mbele yako.

Kuna mafundi wanajiwekea tarehe ya uongo: nguo ya Ijumaa wanajiambia ni ya Jumatano. Kwako haitafanya kazi. Tarehe ya uongo haikutishi, unajua muongo ni nani. Unahitaji mtu wa kweli anayekuja kweli. Kila oda ya harusi au sendofu iwe na siku ya kufiti, siku tatu kabla, na siku hiyo mteja analipa sehemu ya hela iliyobaki. Hapo umelisogeza tishio na umeisogeza zawadi, vyote kwa pamoja. Mimi hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu halikuombi uwe mtu mwingine.

Vifungo na pindo usivifanye peke yako. Watu wengi wenye hali hii wanaona kwamba mtu mwingine akikaa tu karibu nao akifanya yake, kazi inasonga. Huhitaji akusaidie wala akusimamie. Tenga mchana mmoja kwa wiki, mwite fundi mwenzako aje barazani na kazi zake za mkono, taarabu iimbe, mmalize masalia. Hapa Dar tunafanya hivyo kwenye kuchambua mchele wa shughuli bila kujua kwamba ni tiba.

Kengele za simu nazo una nyingi, nadhani, na unazizima kwa kidole bila akili kujua. Tumia kitu kisichozimika. Mabibo adhana unaisikia hata wewe wa kanisani. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha miaka ya 1990 kwamba azimio la jumla lina nguvu ndogo kuliko azimio lililofungwa kwenye tukio: kikitokea hiki, nafanya hiki. Basi adhana ya Adhuhuri na ya Alasiri ikilia, unanyanyua mguu kwenye pedali na kujiuliza swali moja: je, niliyoishika ndiyo niliyoanza nayo? Kama siyo, irudishe kwenye hanga yake, urudi kwenye ile ya kwanza. Ni sekunde kumi.

Hela nitaipitia haraka. Kariakoo nenda na hela ya zipu na nauli tu. Ukienda na simu yenye salio utarudi na mapazia, na zipu hukununua. Kitambaa chochote kisicho cha oda lazima kilale dukani usiku mmoja kabla hujakilipia. Ukiamka bado unakitaka, kifuate. Fedha ya kikoba mkabidhi mweka hazina siku ileile uliyoipata, usingoje siku ya kikao. LUKU nunua siku unayopokea hela ya kwanza ya wiki. Advansi ya mteja mmoja usiinunulie bitana ya mwingine. Hili la mwisho unalijua, nalisema kwa sababu nimeona ndoa za mafundi zikiyumba kwa ajili yake.

Sasa mume wako. Hapa nitakaa kidogo.

Umeandika kwamba ukifoka unasahau, yeye hasahau. Sentensi hiyo ina ukweli wote. Hasira ya mtu wa breki zilizolegea inapanda kama maziwa jikoni na kushuka vivyo hivyo. Kwako imekwisha, umeanza kuulizia chakula. Kwake ndiyo kwanza imeingia. Halafu unamshangaa amenuna nini, naye anaona humjali. Hakuna aliye muongo kati yenu.

Kujizuia ukiwa katikati ya mfoko sikushauri hata kujaribu, umeshachelewa. Kazi inafanywa kabla. Siku mko vizuri, keti naye, mkubaliane neno moja la kutokea, lolote, hata "naenda kuteka maji". Atakayelisema kati yenu anatoka, na mwingine hamfuati. Robo saa, kisha mtu anarudi. Kurudi ni sehemu ya mapatano, la sivyo yatageuka kuwa kususa. Jifunze pia mwili wako unatangulia kusema nini. Wengine masikio yanapata moto, wengine taya linakaza. Wewe unajijua. Taya likikaza ndiyo wakati wa neno, usingoje sauti ipande.

Na angalia saa zenu za kugombana. Nabashiri ni jioni, umefunga fremu, umeshinda na chai na andazi, joto la Februari halijakuachia, mtoto hajafanya kazi za shule, na yeye ameuliza kodi ya fremu. Hakuna breki inayofanya kazi na tumbo tupu. Kula kwanza. Habari za hela ziwe Jumapili asubuhi. Usingizi nao ni breki: watu wengi wa ADHD saa ya mwili wao inachelewa, usiku ndiyo wanachangamka, na kazi ya usiku wa mwisho inazidi kuwaharibu. Chaji ya simu ihamie sebuleni. Ukikosea, na utakosea, omba radhi kwa kitu chenye jina: "Nilikuita mbahili mbele ya mtoto, nisamehe." "Nisamehe kama nilikuudhi" haimfikii mtu.

Unauliza kama utaweza bila dawa. Jibu la kweli ni kwamba wengine wanaweza, hasa ambao hali yao ni nyepesi na kazi yao inawaruhusu kupanga mazingira, kama wewe mwenye fremu yako. Ila sitakudanganya. Kwa dalili zenyewe, yaani umakini na papara, dawa zina ushahidi wenye nguvu kuliko hizi kamba na hanga zangu. Methilifenideti, ile iliyoanza kuuzwa kwa jina la Ritalin mwaka 1954, huanza kazi ndani ya saa moja na kuisha baada ya saa chache. Ipo nyingine, atomoksetini, isiyo ya jamii hiyo, ambayo inataka wiki kadhaa. Methilifenideti iko chini ya udhibiti, haiuzwi kwenye duka la dawa muhimu la mtaani, na mara mbili, 2019 na 2021, ilikataliwa kuingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Usishangae ukizunguka kuitafuta. Daktari akikuandikia atapima presha, atauliza moyo wa ukoo wenu, na kama una mimba au unanyonyesha mwambie kabla hajaandika.

Kwa upande mwingine, kidonge hakijui nguo ipi ya kuanza. Mwaka 2010 Steven Safren na wenzake kule Boston walichukua watu wazima waliokuwa tayari kwenye dawa na bado wanahangaika. Wale waliofundishwa mbinu za kupanga kazi na kugawa muda walipata nafuu kuliko waliofundishwa kutuliza mwili tu. Unakumbuka siku yako ya kidonge? Ulishona mpaka jioni. Hukuniambia ulishona nini. Ningependa kujua kama ilikuwa nguo ya mteja aliyekudai mbele za watu, au kitambaa kipya.

Na usijitibu kwa njia za pembeni. Makopo ya kuongeza nguvu yatakuibia usingizi. Mirungi, mbali ya kuwa ni kosa kisheria, nimeona ikimchangamsha fundi wiki mbili na kumlaza mwezi.

Kijana wako atafaidika na haya kabla yako. Mafunzo ya wazazi yanakwama mara nyingi pale mzazi mwenyewe ana hali ileile na haijaguswa; unamwambia akae atulie huku wewe umesimama, simu sikioni, chungu kinaungua. Mpe hanga zake: sare, begi na kiatu sehemu moja karibu na mlango, usiku, kabla ya kulala. Mfanye wote wawili.

Hanga, kamba na pini unavyo, vinatosha kwa wiki ya kwanza, mengine yangoje. Ila kabla hujapigilia msumari, nadhani kuna nguo mle ndani imebaki vifungo tu, na mwenyewe ameacha hata kupiga simu. Kesho usiguse mkasi. Anza na hiyo, kisha mpigie wewe.